Chapa ya Mama Werema

Siku ya mnada ule wa Homa Bay, Agosti 1995, watu waligombania viti, makabati ya chuma, hata mabati ya kibanda cha mlinzi. Kompyuta ilipotolewa nje na kuwekwa juu ya meza katikati ya ua, hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee mmoja aliuliza televisheni hiyo inashika stesheni ngapi. Dalali akasema si televisheni.

"Basi ni kitu gani?"

Dalali akainama, akaitazama mbele na nyuma, akainuka. "Ni ya ofisi," akasema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Emmah Bonareri hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya mashine ile miaka minne. Chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kilipoileta, makarani wenzake waliizunguka kama watu wanaozunguka nyoka aliyekufa, wasiwe na hakika kama kweli amekufa. Yeye peke yake ndiye aliyeketi kitini na kujifunza. Tangu siku hiyo kila barua, kila orodha, kila kumbukumbu ya mkutano ilipita mikononi mwake, na wengine wakaridhika kusema, "Mpelekee Emmah." Sasa chama kilikuwa kimefungwa, makarani wametawanyika, na kati ya watu waliosimama uani pale hakuna mwingine aliyejua hata kitufe cha kuiwasha.

Alitaja bei kwa aibu, kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Dalali alipiga nyundo kabla hajamaliza kuitaja, akamwongezea na printa yake bure ili apunguze mizigo.

Emmah alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa Nyamira, kwenye vilima vya chai, akaja Homa Bay akiwa msichana wa kupiga taipu. Alijifunza Kidholuo hadi akaota ndoto kwa Kidholuo, lakini majirani hawakuacha kumwita nyar Kisii, binti wa kutoka Kisii. Hakulichukia jina hilo. Lilimkumbusha tu kila asubuhi kwamba alikuwa mgeni.

Hakurudi Nyamira, ingawa kaka yake alimtaka arudi. Alikwenda Migori. Mji ule ulikuwa umefanywa makao ya wilaya mpya miaka michache nyuma, na watu walimiminika kutoka kila upande: Wagusii, watu wa kwao Emmah, wenye mikate na ndizi, Wakuria kutoka mpakani wenye wimbi na mahindi, mafundi cherehani kutoka ng'ambo ya Tanzania. Emmah aliwaza kwamba watu waliotoka kwao ndio wanaohitaji karatasi kuliko wenyeji. Mwenyeji anajulikana baba yake na babu yake. Mgeni hana budi ajieleze.

Akapanga chumba kimoja nyuma ya soko, kwa mama mmoja Mjaluo aliyeitwa Scovia, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Scovia aliitazama kompyuta ikiingizwa, akauliza swali moja tu.

"Nyar Kisii, hii inakula stima kiasi gani?"

"Kama balbu tatu, Mama."

"Basi utakuwa unazima balbu."

Mlangoni Emmah alitundika kibao alichomwandikisha fundi rangi, kwa herufi nyekundu: HAPA TUNAPIGA CHAPA KWA KOMPYUTA. Akakaa kungoja.

Aliyekuja kwanza hakuwa mteja. Alikuwa Mzee Bogonko, mwoka mikate aliyehamia Migori tangu miaka ya sabini, na mzee wa kanisa la Kiadventista alilosali Emmah kila Sabato. Alisimama kizingitini na kofia mkononi.

"Bonareri binti yangu. Umeandika nini pale nje?"

"Nimeandika tunapiga chapa, Baba."

"Chapa gani?"

"Barua, Baba. Barua na matangazo."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Wewe ni mtoto wa kanisa. Unajua tumeonywa kwamba siku inakuja, mtu asiye na chapa ya mnyama hatauza wala hatanunua. Sasa wewe umekuja hapa sokoni, mahali penyewe pa kuuza na kununua, ukaandika kwa rangi ya damu kwamba chapa inapigwa hapa. Na kwa kompyuta."

Emmah nusura acheke, ila aliona mzee hatanii. Macho yake yalikuwa na huruma ya mtu anayemwona mtoto akicheza karibu na kisima.

"Baba, hii ni taipureta tu iliyoongezewa kumbukumbu. Karibu uketi nikuonyeshe."

"Hapana," mzee akasema kwa upole. "Siingii."

Sabato iliyofuata alihubiri juu ya kukesha na kujihadhari. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa Migori haikuwa na kompyuta nyingine ambayo washiriki wake wangeijua. Wiki ile Wagusii wa sokoni walimsalimu Emmah kwa adabu zote na kupita mlango wake kwa miguu ya haraka. Wateja wawili watatu aliowapata walikuwa vijana wa kuomba kazi. Alishinda siku nzima akisikiliza redio ya Scovia kupitia ukutani. Hatimaye akamwita fundi rangi arudi, akafuta neno chapa, akaandika TUNAANDIKA BARUA KWA MASHINE. Haikusaidia kitu. Maneno yakishatoka sokoni hayasomi kibao.

Na bado yalikuwa maneno hayohayo yaliyomletea Nyangi.

Alikuja asubuhi moja ya Machi mwaka uliofuata, mwanamke wa Kikuria wa miaka hamsini hivi, mrefu, masikio yake yametobolewa matundu makubwa kwa desturi ya kwao, kikapu cha unga kichwani. Sokoni walimwita Mama Werema, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alitua kikapu, akaangaza macho chumbani.

"Ni wewe wanasema watu wasikuje kwako, kwa sababu unapiga watu chapa?"

"Wanasema hivyo, Mama."

"Haya. Mimi nataka hiyo chapa."

Akaeleza. Alikuwa ametoka karibu na Isebania miaka sita iliyopita, mumewe alipofariki na mashemeji wakachukua shamba. Alipanga karibu na mashine ya kusaga, akawa anasaga wimbi na kuufunga unga kwenye mifuko myeupe ya plastiki, akiziba midomo ya mifuko kwa mwali wa mshumaa na kipande cha msumeno. Unga wake ulikuwa safi, bila mchanga; aliupepeta wimbi mara tatu. Wenye maduka walianza kuuchukua. Kisha akapita bwana afya, akawaambia unga usiokuwa na jina la mwenye kuusaga wala tarehe usiwekwe rafuni. Wenye maduka wakamrudishia mifuko yake yote siku moja.

"Mimi nina jina," akasema Nyangi. "Lakini halina mahali pa kukaa."

Emmah alifurahi kupata kazi iliyo kazi. Akawasha mashine, skrini nyeusi ikajaa herufi za kijani, vidole vikakimbia. UNGA WA WIMBI. MAMA WEREMA. MIGORI. Akaweka tarehe. Printa ikaanza kukereza, na karatasi ikatoka na maneno hayo yamepangwa mara kumi na mbili, tayari kukatwa kwa makasi na kutiwa kwenye mifuko. Akamkabidhi kwa tabasamu.

Nyangi hakutabasamu.

"Wiki ijayo nikisaga mpya, tarehe inabadilika?"

"Ndiyo, Mama. Utakuja nitakubadilishia."

"Na siku wewe utaenda kwenu, nani atanibadilishia?"

Ule ua wa Homa Bay ulimjia Emmah machoni: meza katikati, na watu wakicheka kitu ambacho kwa miaka minne kilikuwa kimebeba kazi zao zote. Alikuwa amewafanyia kila kitu, wala hakumfundisha hata mmoja. Na wao hawakumwuliza swali hili.

"Umesoma, Mama?"

"Mimi sikuenda shule. Lakini si macho ninayo?"

Emmah akasimama, akampa kiti.

Aliandika NYANGI kwenye kadi kwa kalamu ya wino mzito, akaisimamisha kando ya kibodi. Kazi ya Nyangi ilikuwa kutazama umbo moja kwenye kadi, kisha kulitafuta miongoni mwa vitufe. Herufi ya kwanza aliitafuta mpaka jasho likamtoka. Alipoipata akaibonyeza kwa nguvu kama anayeua kupe, na N thelathini zikatiririka kwenye skrini. Wote wawili wakacheka hadi Scovia akagonga ukuta.

"Iguse tu, Mama. Haina ubaya na wewe."

Jina hilo moja lilichukua muda wa kuchemsha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Lilipokamilika Nyangi alirudi nyuma kitini, akalitazama kwa jicho la mnunuzi anayekagua ng'ombe.

"Kalamu inataka mkono wenye umesoma," akasema. "Hii inataka kidole."

Akawa anakuja kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya kusaga. Mwanzo alilalamika kwamba herufi hazikupangwa vizuri. Alikuwa amewasikia watoto wakiimba a, be, che, na alijua kuna mpango. Mbona hapa wamekaa ovyo? Siku moja akajijibu mwenyewe. "Ni kama akina mama sokoni. Hakuna mtu aliwapanga, lakini wa nyanya unajua anakaa wapi, na wa omena unajua anakaa wapi. Ukienda kila siku, mguu wenyewe unakupeleka." Tangu hapo hakulalamika tena. Kitufe cha kumi kwenye mstari wa juu, kile cha kuhifadhi kazi, alikiita ghala, na hakuna siku aliyosahau kukibonyeza, kwa sababu hakuna mkulima anayevuna akaacha mazao nje.

Kwa njia hiyo, akitafuta herufi za kubandika kwenye unga, Nyangi akaanza kusoma. Emmah aligundua kwa bahati. Walikuwa wametoka pamoja kwenda posta, na Nyangi akasimama mbele ya duka la vipuri, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, "Ma-ta-i-ri." Akageuka kumtazama Emmah, uso wake hauna furaha wala mshangao, ila namna ya hasira. "Miaka yote hiyo lilikuwa linaniambia hivyo," akasema.

Mifuko ilirudi rafuni. Ilifika Rongo, na mmoja wao, hakuna ajuaye kwa mkono wa nani, ulifika Homa Bay, kwenye meza ya matroni wa shule moja ya wasichana ya bweni. Oktoba 1997 ikaja barua kwa Mama Werema, Migori. Matroni aliupenda unga. Alitaka mifuko sitini kila majuma mawili kwa uji wa asubuhi. Ila bodi ya shule ilidai barua rasmi kutoka kwa mwuzaji, na mifuko ya mfano yenye tarehe mpya, kufikia Ijumaa ya tatu ya Novemba.

Nyangi aliisoma barua hiyo mwenyewe. Ilimchukua asubuhi nzima. Emmah aliketi kando yake, mikono ameikalia ili asimwonyeshe kwa kidole.

Wakaandika jibu pamoja kwa siku nne. Nyangi alitaka sentensi fupi. "Unga ni safi. Naupepeta mara tatu. Nitauleta mwenyewe." Emmah alitaka kuongeza maneno ya heshima ya ofisini, Nyangi akayakubali mawili, mengine akayakataa. Wakabonyeza ghala, wakanakili barua na lebo kwenye diski ndogo, Emmah akaiweka pamoja na nyingine ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Walibakiza kuchapisha tu, nao walisubiri tarehe ya kusaga.

Kisha ikaja mvua ya El Nino.

Ilinyesha kama haijawahi kunyesha. Mto Migori ulifura, ukabeba migomba na vibanda vya ng'ambo. Jumatatu ya wiki ya ile Ijumaa, upepo uling'oa bati moja juu ya chumba cha Emmah wakati yeye yuko kisimani na Scovia. Waliporudi, maji yalikuwa yanamiminika moja kwa moja juu ya meza. Emmah aliichomoa mashine kwenye umeme, akaikumbatia, akatoka nayo hadi chumba cha Scovia na kuiweka kitandani. Ilitiririka maji kama mbuzi aliyetolewa mtoni.

Nyangi alimkuta ameshafungua bamba la juu kwa bisibisi, amewasha jiko la makaa, anaisogeza mashine karibu na moto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unafanya nini, mwalimu?"

"Naikausha. Ijumaa ni wiki hii hii, Mama Werema."

Nyangi akalishika jiko kwa vipini vyake, akalitoa nje. "Wimbi ikilowa haikaangwi," akasema. "Ukikaanga, juu inaungua na ndani inaoza. Inaanikwa, na inageuzwa, na unangoja."

"Tunangoja mpaka lini? Barua imo humu ndani!"

"Si uliniambia ulitia ingine kwa mkebe?"

Emmah alikuwa amesahau. Mkebe ulikuwa juu ya rafu, umefungwa, mkavu ndani.

Alhamisi walifika Homa Bay, wakiwa na mifuko ya unga wa mfano, wamelowa hadi magotini, diski ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ambao Nyangi aliuziba kwa mshumaa kama anavyoziba unga. Emmah alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na kompyuta: Ken, aliyekuwa karani wa ghala kwenye kile chama cha ushirika, sasa mwajiriwa wa mradi wa maji karibu na ziwa. Ken aliwapokea kwa furaha, akawaletea chai, lakini alipoiona diski akakuna kichwa.

"Emmah, hii mashine yetu ni ya kisasa. Inatumia programu ingine. Sijui kama itaelewa lugha ya ile mzee yako."

Akaitia. Mashine ikanguruma. Skrini, nyeupe badala ya nyeusi, ikajaa alama ambazo hazikuwa herufi za nchi yoyote: viboksi, mishale, nyota.

"Hiyo si yangu," Nyangi akasema papo hapo.

Ken akafunga, akajaribu njia nyingine, akafunga tena. Emmah alisimama nyuma yake akihesabu pumzi zake. Mara ya tatu Ken alichagua jina fulani kwenye orodha ndefu, na ghafla maneno yakajipanga. UNGA WA WIMBI. MAMA WEREMA. MIGORI.

Nyangi aliinuka. Alikwenda hadi kwenye skrini, akainyoshea kidole pasipo kuigusa.

"Jina langu nilikuwa nafikiria nimeliacha Migori," akasema.

"Umelibeba, Mama," Emmah akamwambia. "Litafunguka popote."

Ilibaki tarehe. Ken alinyosha mkono kwenye kibodi ili aibadilishe upesi, maana saa ya ofisi ilikuwa inakwisha.

"Mwachie," Emmah akasema.

"Lakini nitamaliza kwa sekunde..."

"Ken. Mpe kiti."

Nyangi akaketi. Kibodi ile ilikuwa mpya, nyeupe, tofauti na ile ya kwao iliyogeuka rangi ya chai. Aliitazama kwa mashaka, kisha akakunja uso, kisha uso wote ukafunguka.

"Wamekaa palepale!" akapaza sauti. "N yuko hapa. Y yuko pale juu. Hawakuhama!"

Akabadilisha tarehe kwa kidole kimoja, tarakimu kwa tarakimu. Akauliza ghala iko wapi kwenye mashine hii. Ken, ambaye hadi hapo alikuwa akitazama saa, hakuitazama tena.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa mbele ya matroni, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyeisoma barua mara mbili na kuugusa unga kwa ncha ya ulimi.

"Barua nzuri. Fupi. Nani amekuandikia?"

Emmah aliangalia sakafu. Hakutaka jibu litoke kwenye uso wake.

"Ni mimi," akasema Nyangi.

Matroni alimtazama juu ya miwani, akayaona masikio, akaiona shuka iliyolowa matope. Akaitazama barua tena. Kisha akatoa kalamu, akaandika juu yake neno moja, akaipitisha mezani. Nyangi alilisoma bila msaada. Lilikuwa *Ikubaliwe*.

Mashine ilikauka kwa wiki mbili na siku moja. Emmah aliigeuza kila asubuhi jua lilipochomoza kati ya mvua na mvua, na siku alipoiwasha alifumba macho. Ilipiga mlio wake mmoja mfupi, ikaamka. Scovia, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli, alisema "Nyasaye ber," Mungu ni mwema, akaenda kumwita fundi abadilishe mabati yote.

Habari za Homa Bay zilitembea bila kusukumwa. Alikuja fundi cherehani kutoka Tarime, akitaka orodha ya bei za sare. Walikuja kina mama wawili wa Kigusii wauza ndizi, waliotaka kumwandikia mnunuzi wa Nairobi. Emmah alikuwa na sharti moja na hakulilegeza kwa mtu: mwenye kazi ndiye anayekalia kiti. Waliokuwa na haraka walimnung'unikia na wengine wakaondoka. Wakati mwingine alijiuliza kama si upumbavu, kumfundisha mteja asikuhitaji. Lakini waliojifunza walirudi na watu wengine, nao walihitaji mashine hata kama hawakumhitaji yeye.

Mwanzoni mwa Juni 1998, Mzee Bogonko alisimama tena kizingitini. Safari hii alikuwa na Phanice, mke wa mwanawe, aliyeuza naye mikate. Maduka yalikuwa yameanza kudai jina na tarehe kwenye mkate pia.

"Bonareri binti yangu," mzee akasema, "mimi siingii."

"Sawa, Baba."

"Lakini Phanice ataingia. Mimi nitakuwa hapa dirishani."

Phanice akaketi, akicheka chini chini, na mzee akamsomea kutoka nje maneno ya kuandika. Walikwenda vizuri mpaka walipofika tarehe ya mwisho wa kutumia. Mkate wa Jumanne ile ungefaa hadi Jumamosi, tarehe sita Juni.

"Andika sita kwa sita," Phanice akajisemea, akigonga.

"Acha!" mzee akapaza sauti dirishani. "Sita mbili tayari. Ya tatu iko njiani. Andika kwa maneno."

Ikaandikwa kwa maneno. Karatasi ilipotoka mzee aliipokea kupitia dirishani, akaisoma kwa makini, akaigeuza nyuma akaona ni tupu. "Mimi sijaingia," akamkumbusha Emmah, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake. Hakuingia kamwe. Lakini hakuhubiri tena juu ya mashine, na Sabato moja Emmah alimsikia akimweleza mgeni nje ya kanisa kwamba yule binti wa Nyamira ni mtu mwenye subira.

Julai 1999 malaria ilimwangusha Emmah. Alilazwa siku tisa, na siku tano kati ya hizo hazikumbuki. Scovia alimletea uji, akamwambia asiulize habari za kazi. Alipotolewa alitembea polepole kutoka hospitali, akiegemea kuta, akiwaza juu ya wateja waliokuta mlango umefungwa.

Kabla hajafika alisikia printa ikikereza.

Chumba kilikuwa kimejaa. Scovia alikuwa ametoa ufunguo. Phanice alikuwa anakata lebo za mikate kwa makasi. Fundi wa Tarime alikuwa kwenye mashine ya pili, ile ambayo Emmah aliinunua mwaka huo, akitafuta herufi huku ulimi umetoka nje kidogo. Na mbele ya ile mashine ya mnada alikaa Nyangi, akimwelekeza mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni, aliyefika Migori mwezi ule. "Iguse tu," alikuwa akimwambia. "Haina ubaya na wewe."

Wakamwona, wakainuka wote, wakampa kiti. Emmah alikaa, akachukua karatasi moja iliyokuwa mezani ili ajipe la kufanya, kwa sababu macho yalikuwa yanamchoma. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Mama Werema. Hii umechapisha lini?"

"Wiki iliyopita. Nilimaliza peke yangu. Mifuko sitini imeenda Homa Bay, mia moja na arobaini iko kwa maduka." Akamtazama usoni. "Ni nini?"

"Kuna mmoja hakuja sokoni siku hiyo."

Nyangi akaichukua karatasi, akapita herufi moja moja kwa kidole. UGA WA WIMBI. Alipofika pale alishika mdomo.

"N!" akasema. "N wa jina langu mwenyewe!"

Kisha Phanice akaanza kucheka, na mama mgeni aliyekuwa hajui kinachochekwa akacheka, na mwisho Nyangi mwenyewe akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mifuko mia mbili ilikuwa imezagaa kuanzia Migori hadi Homa Bay ikiwatangazia watu uga, yaani uwanja, wa wimbi.

"Mwalimu, nitafanya nini?"

"Kiti hiki hapa," akasema Emmah, akainuka taratibu, akimwachia nafasi.

Nyangi akaketi. Akairudisha N mahali pake, akaangalia mara mbili, akabonyeza ghala. Lebo zilizofuata zilitoka sawa, zote, bila kasoro. Lakini Jumatatu mwenye duka wa Rongo alituma mtu aje kuchukua mifuko thelathini, na yule mtu akasimama mlangoni pa Nyangi akauliza kwa sauti kubwa ni hapa inapouzwa ile Uga.

"Ni hapa," akajibu Nyangi, akaanza kumhesabia.